Wazee wanasema zamani saratani haikuwepo. Kuna anayejua ukweli wa miaka 100 iliyopita?

MwanaPangani

Assalaam alaykum, na habari zenu wote.

Mwezi wa Sita tulimzika mama. Saratani ya shingo ya kizazi, umri miaka 58. Siku ya arobaini, baada ya dua, tulikaa barazani na wazee, na baba mdogo akasema maneno ambayo hadi leo hayajanitoka: "Maradhi haya ni ya siku hizi. Bibi zenu walizaa kumi, kumi na mbili, na hakuna aliyekufa kwa saratani." Wazee wakaitikia. Shangazi akadakia kwamba yanaletwa na sindano za uzazi wa mpango. Mama alichoma sindano hizo akiwa kijana, na pale barazani hakuna asiyejua.

Nilinyamaza. Huwezi kubishana na baba yako mdogo kwenye arobaini ya mama yako. Lakini niliondoka pale nikiwa na uzito kifuani, maana walichosema kwa lugha ya adabu ni kwamba amejitakia.

Mama alianza kutokwa na damu miaka sita baada ya hedhi kukatika. Alimwambia jirani, jirani akamwambia ni damu iliyobaki tumboni, itatoka iishe. Miezi minane alikuwa anafua kanga zake usiku tusizione. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyegundua, alipoona kanga imeanikwa alfajiri wakati nyumba nzima imelala, na tayari imeanza kukauka.

Swali langu: mwanzoni mwa karne iliyopita, miaka ya 1900 hadi 1930 hivi, watu walikuwa wanakufa kwa saratani au la? Na kama walikuwa wanakufa, serikali na madaktari walifanya nini? Nataka kitu cha kumwambia baba mdogo kwa upole.

NguvuZaShamba

Pole sana ndugu yangu. Mimi naona mzee wako hajakosea sana. Angalia tunachokula: chipsi za mafuta yaliyorudiwa mara kumi, soda, kuku wa wiki nne. Babu yangu alifika miaka 90 kwa muhogo na dagaa, hakuwahi kujua saratani ni kitu gani.

KaraniMstaafu

Mwanangu wa Pangani, pole kwa msiba, Mungu amrehemu mama.

Nimefanya kazi ya kumbukumbu za wagonjwa miaka 31 katika hospitali moja ya mkoa. Kazi yangu ilikuwa kuchukua jalada la marehemu, kusoma sababu ya kifo aliyoandika daktari, na kuigeuza kuwa namba ya kupeleka wizarani. Kwa hiyo nitakujibu kutokea pale mezani kwangu, ndipo ninapopajua.

Nianze na jina. Saratani ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa, huyu huyu anayekimbia kwenye mikoko yenu. Wagiriki nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Inasemekana ni kwa sababu uvimbe wa titi ukishakomaa, mishipa husimama kandokando yake kama miguu ya kaa. Ibn Sina aliuandika miaka 1,000 iliyopita. Watu hawakipi jina kitu ambacho hawajakiona.

Kilicho kipya ni kuuhesabu. Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo mwaka 1893, na mwaka 1900 nchi 26 zilikutana Paris zikaikubali, ili kifo cha Berlin na kifo cha New York viandikwe kwa namba moja. Mimi nimekula mshahara kwa wajukuu wa orodha hiyo. Sasa tazama Marekani mwaka huohuo wa 1900, kwenye sehemu zilizokuwa zinaandikisha vifo. Nimonia na mafua kwa pamoja viliua watu 202 katika kila 100,000. Kifua kikuu 194. Kuhara na maradhi ya utumbo 143. Saratani ilikuwa ya nane, watu 64. Na ya tisa unajua ni nini? Uzee. Watu 50 katika kila 100,000 waliandikiwa kwamba wamekufa kwa uzee.

Mimi nikikutana na neno "uzee" kwenye fomu, najua hapo kuna mgonjwa ambaye hakupimwa. Huwezi kuniambia kwamba katika wazee wote wale hakuwemo aliyekuwa na saratani ya tumbo au ya tezi dume.

Nikuonyeshe jambo hili kwa karibu. Mwaka 1987 lililetwa mezani kwangu jalada la mama wa miaka 50 na kitu. Jalada la kaki, pini yake imeshika kutu hadi imeacha alama kwenye karatasi ya kwanza. Fomu ya kifo imeandikwa "upungufu wa damu". Nikawa na kalamu mkononi niandike namba ya upungufu wa damu nimalize, zilikuwa zimebaki fomu kumi na saba. Sijui kwa nini nilifungua. Ukurasa wa tatu muuguzi wa zamu ya usiku ameandika kwa penseli: anatokwa damu ukeni mwezi wa tisa sasa, harufu, hajawahi kupimwa ndani. Damu ilimpungua, ni kweli. Lakini ilipungua kwa sababu ya nini? Nikampelekea daktari aliyesaini. Akasoma, akaniambia, "Umeshakuja na fomu, iache hivyo hivyo." Nikaipeleka wizarani hivyo hivyo. Yule mama kwenye vitabu vya taifa hakufa kwa saratani. Nimestaafu na jalada lile bado linanifuata.

Basi bibi zenu aliowataja baba yako mdogo, ambao hata fomu hawakuwa nayo, nani aliwaandika?

Ubishi huu wenyewe ni wa zamani. Uingereza waliona namba za saratani zinapanda, wengine wakasema ugonjwa unazidi, wengine wakasema ni macho ya madaktari ndiyo yamefunguka. Mwaka 1893 George King na Arthur Newsholme walifanya jambo la akili sana. Walichukua takwimu za mji wa Frankfurt, ambako vifo vya saratani viliandikwa kwa kiungo, wakavigawa mafungu mawili: saratani za mahali daktari anapofikia kwa jicho au mkono, kama titi, ulimi na kizazi, na saratani zilizojificha ndani, kama tumbo na ini. Zile za kuonekana hazikuwa zimepanda. Zilizopanda ni zile za kujificha. Wakahitimisha kwamba wanaopanda ni wanaogunduliwa. Hawakumaliza ubishi: miaka 20 baadaye Frederick Hoffman, mtaalamu wa takwimu wa kampuni ya bima kule Marekani, alisimama mbele ya madaktari wa magonjwa ya wanawake akisisitiza kwamba ongezeko ni la kweli. Na sehemu moja ya ongezeko ilikuwa ya kweli kwa njia nyingine: mtoto anayekufa kwa kuhara akiwa na miaka miwili hafiki umri wa saratani. Maji yaliposafishwa na dondakoo kupata dawa, watu wakaishi, na saratani ikawakuta uzeeni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 kule Marekani ilikuwa ya pili, nyuma ya moyo tu.

Sasa waliitikiaje? Hapa ndipo nataka usome taratibu, maana ni habari ya mama yako.

Königsberg, mji uliokuwa wa Wajerumani, leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Alikuwepo daktari wa wanawake, Georg Winter. Alikuwa amechoka kupokea wanawake wenye saratani ya kizazi ikiwa imeshapita mahali ambapo kisu kinaweza kufika. Mwaka 1902 akaanza kampeni katika Prussia ya Mashariki yote, jimbo la mji huo, na hakuanza na mashine wala jengo. Aliwaandikia madaktari wa vijijini: mwanamke akija na kutokwa damu, usimpe dawa kabla hujampima ndani. Aliwaandikia wakunga: akikuambia damu imerudi baada ya hedhi kukatika, usimtulize, mpeleke. Na akawaandikia wanawake wenyewe katika magazeti yaliyofika nyumbani, akitaja damu kwa jina lake wakati ambapo jambo hilo lilikuwa haya kubwa. Muda si mrefu idadi ya waliofika wakiwa bado wanaweza kupasuliwa ikapanda. Ndiyo kampeni ya kwanza kubwa ya kuelimisha umma kuhusu saratani ninayoijua, na iliwalenga watu watatu walewale waliosimama katika njia ya mama yako: mtabibu, mshauri wa jirani, na mwenyewe na kanga yake.

New York walifuata mwaka 1913. Madaktari 10 na raia 5 walikaa wakaunda chama cha kudhibiti saratani, kilichokuja kuwa chama kikubwa cha saratani cha Marekani. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa ukimya. Magazeti hayakuwa yanaandika neno lenyewe. Tangazo la msiba lilisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Mwanangu, fungua redio yoyote ya hapa nyumbani jioni usikilize matangazo ya vifo.

Nina manung'uniko na kampeni zile, hata kama nazipenda. Zilimwambia mwanamke awahi, awahi, awahi, hadi aliyechelewa akaonekana ana hatia. Awahi wapi? Mionzi ya radiamu, iliyokuwa tegemeo la saratani ya kizazi kwa asiyeweza kupasuliwa, ilipatikana miji michache: Paris, Stockholm tangu 1910, London. Bei yake ilikuwa haisemeki. Marie Curie mwenyewe, aliyeigundua na mumewe mwaka 1898, hakuwa na uwezo wa kununua gramu moja ya kufanyia utafiti. Wanawake wa Marekani walimchangia dola 100,000, na mwaka 1921 Rais Harding akamkabidhi gramu hiyo Ikulu yao. Gramu moja, uzito wa punje 40 au 50 hivi za mchele. Sasa mkulima wa kijijini angewahi nini?

Mmoja aliyeuliza swali kwa haki alikuwa Dkt. Janet Lane-Claypon, Uingereza. Mwaka 1926 alitoa ripoti kwa Wizara ya Afya: wanawake 500 wenye saratani ya titi, na 500 wasio nayo, wote wakaulizwa maswali yaleyale, umri wa kuolewa, watoto wangapi, kunyonyesha. Hakuwauliza nani kakosea. Alilinganisha tu. Njia hiyo ndiyo watafiti wanaitumia hadi leo. Alipoolewa mwaka 1929 kazi yake ya serikali ikaishia hapo, maana utaratibu wa wakati ule haukumruhusu mke wa mtu kubaki katika utumishi.

Na kwa shangazi: kisababishi cha saratani ya shingo ya kizazi ni kirusi cha HPV, ambacho karibu kila mtu mzima hukutana nacho maishani. Bila kirusi hicho sindano haileti ugonjwa huu. Na kuzaa kumi hakukuwa kinga. Waliozaa mara nyingi ndio walio katika hatari zaidi. Hili usiliseme barazani, litawakera bure. Lakini ulijue wewe.

FundiWaOldham

Mama Karani, shikamoo. Nimesoma mara mbili.

Niongeze la huku niliko. Naishi Oldham, karibu na Manchester, na zamani nilikuwa fundi gereji Tanga. Mji huu ulikuwa na viwanda vya kusokota pamba kila kona, na kuna saratani ambayo wazee wa hapa bado wanaitaja kwa sauti ya chini, ya ngozi ya korodani. Msokotaji alikuwa anafanya kazi peku, suruali nyepesi ya pamba kwa sababu ya joto, na siku nzima anainama juu ya boriti ya mashine iliyolowa mafuta. Mafuta yanarukia, suruali inalowa hapo hapo kiunoni, anarudi nayo nyumbani. Miaka 20, 30.

Mwaka 1922 madaktari wawili wa Manchester, Southam na Wilson, walitazama wagonjwa wa saratani hiyo waliopita katika hospitali yao kuu kwa miaka 20. Walikuwa 141. Wasokotaji wa pamba 69. Walitarajia kukuta wasafisha dohani, kwa sababu tangu 1775 daktari Percivall Pott alishasema masizi yanaleta saratani hiyo. Wakamkuta mmoja. Na miaka saba kabla, Tokyo, Yamagiwa na Ichikawa walikuwa wameshapaka lami ya makaa masikioni mwa sungura siku baada ya siku hadi saratani ikaota. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hajui.

Serikali iliunda kamati, kamati ikashauri wafanyakazi wapimwe. Sheria ya kulazimisha mafuta yasiyo na madhara kwenye mashine zile ilikuja 1953. Kutoka 1922! Viwanda vyenyewe vilikuwa vinakaribia kufungwa.

Nakumbuka gereji yetu Tanga. Ovaroli moja wiki nzima, tambara la oili chafu ndani ya mfuko wa mbele, linalowesha paja. Hakuna aliyetuambia chochote. Vijana wa gereji mnaosoma hapa, lile tambara litoeni mfukoni, na oili chafu isikauke mwilini.

NguvuZaShamba

Mama, nimekuelewa, na nimetulia. Lakini yote mliyotaja ni ya Wazungu, wenye viwanda. Huku kwetu je? Madaktari wa kikoloni wenyewe si ndio waliosema Waafrika hatuna saratani?

KaraniMstaafu

Walisema, baba, na wengi waliamini. Ilikuwa rahisi kusema hivyo ukiwa na zahanati moja kwa wilaya nzima na mgonjwa anafia kwake.

Lakini palikuwa na mtu aliyeandika. Mengo, Kampala, daktari mmisionari Albert Cook alifika mwaka 1897 na mwaka huohuo akafungua hospitali. Kaka yake Jack, naye daktari, akamfuata. Waliandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa, kwa mkono, na karatasi zile hazikutupwa. Mwaka 1964 Profesa Davies na wenzake walitoa uchunguzi wa majalada ya Mengo kuanzia 1897 hadi 1956. Saratani imo humo tangu miaka ya mwanzo, kwa Waganda waliokuwa wakila matoke yao, kabla ya soda na kabla ya kuku wa wiki nne. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza kwenye semina, nililia. Nilifikiria karani fulani pale Mengo ambaye miaka 60 hakukubali majalada yachomwe kupata nafasi kabatini. Sisi tuliyachoma ya miaka kumi kila ghala lilipojaa, kwa amri.

MwanaPangani, na mimi nina swali. Cheti cha kifo cha mama kimeandikwa sababu gani?

MwanaPangani

Mama Karani, shikamoo. Sikuwa nimekitazama. Nilikichukua nikakitia kwenye bahasha pamoja na hati ya shamba.

Nimekitoa sasa hivi. Kimeandikwa "moyo kusimama".

Nimekaa nacho tangu jioni. Miezi minane ya kanga, na wiki tano za wodini, na mwisho wake ni maneno mawili. Moyo wa nani usiosimama?

Kwa baba mdogo nilikwenda jana. Nilimwanzia na kaa, kwa sababu yeye ni mvuvi. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu. Akaniambia mama yao, bibi yangu, alikufa mwaka 1961 "kwa tumbo", na kwamba mwishoni walikuwa wanamchomea ubani chumbani mchana na usiku. Hakuniambia kwa nini. Nami sikumuuliza. Mdogo wangu na binamu zetu wawili wanakwenda kupimwa Jumanne, na shangazi amesema atawasindikiza.

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu. Ubani mchana na usiku, wa kufunika harufu. Basi umeshajibiwa na baba yako mdogo mwenyewe.

Cheti kinaweza kurekebishwa, usikate tamaa. Rudi hospitali aliyofia, usiende mapokezi, nenda moja kwa moja chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Beba kadi yake ya kliniki na majibu ya kipimo cha nyama kama mnayo. Omba jalada litolewe, kisha daktari wa wodi aandike barua kwamba chanzo cha kifo ni saratani ya shingo ya kizazi. Barua hiyo ndiyo unayoipeleka ofisi ya vizazi na vifo wilayani. Watakuzungusha kidogo. Kinachohitajika zaidi ni namba ya jalada, jina pekee halitoshi, watu wa jina moja ni wengi kwenye rafu zile.

MwanaPangani

Namba nimeipata. Iko nyuma ya kadi, ameiandika muuguzi kwa kalamu nyekundu. Nakwenda Jumatatu asubuhi.